Shajara ya mradi: "Kipimo", riwaya fupi ya Mwaloni

Januari

Sura tatu ziko tayari kwa rasimu ya kwanza, tano bado. Kisa hakijabadilika. Kabula ananunua dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Wavuvi wa visiwani anawakopesha mafuta ya injini na betri za taa kabla giza halijaanza, nao wanamlipa kwa magunia. Mzigo mmoja unafika pungufu, na hakuna anayejua umepungulia wapi: kisiwani, kwenye boti au ndani ya stoo. Riwaya nzima ni kumtafuta aliyepunguza, na kila anayeulizwa naye ana la kuuliza.

(Kwa asiyekaa huku ziwani: giza ni zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haipo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Kalenda ya riwaya yangu ndiyo hiyo.)

Mwaka huu shajara itahusu sauti kuliko kisa. Sababu ni Mwalimu. Amestaafu, anakaa Nyegezi, na ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote. Nilimpa sura tatu, akazirudisha na wino mwekundu pembeni. Sura ya kwanza ameandika "Kezilahabi". Ya pili, "Shaaban". Ni majina ya waandishi niliokuwa nikiongea kama wao. Ya tatu ameweka alama ya kuuliza. Nilipokwenda kumpa shikamoo hakunikaribisha hata kiti, akaniuliza, "Binti yangu, wewe mwenyewe unaingia sura ya ngapi?"

Wenzangu wengi wanaoandika wana dawa moja ya jambo hili: ukianza kuandika, funga vitabu vya watu. Siiamini hata kidogo. Aliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert akiwa shuleni hawezi kuifunga tena. Imeshaingia, na itatoka siku inayotaka yenyewe, pengine katikati ya sentensi unayojivunia. Afadhali niwaite wote mezani niwaone sura.

Kwa hiyo mpango ni huu: nitasoma kwa jozi. Waandishi wawili wasioelewana, mwezi mmoja, huku naendelea kuandika. Mwandishi mmoja ukikaa naye peke yake utaanza kuongea kama yeye, na watu wa nyumbani watagundua kabla yako. Ukikaa na wawili wanaobishana huwezi kuwafuata wote. Itabidi uamue sentensi hii iishie wapi, na msimulizi ajue kiasi gani. Nina dhana kwamba maamuzi hayo madogomadogo ndiyo watu wanayoyaita sauti ya mwandishi. Tutaona.

Februari: jozi ya kwanza

Sikuitafuta, Mwalimu alishaiandika pembeni.

Shaaban Robert nimemsoma safari hii kwa swali moja tu: alifanya nini na alichokikuta? Adili na Nduguze (1952) inafaa kwa swali hilo, kwa kuwa kiini chake kimetoka Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili. Mle ndani ndugu waovu wanageuzwa mbwa, na kila usiku lazima wachapwe. Kwa Shaaban Robert wamekuwa manyani. Majina nayo amebadili: ndugu mwema ni Adili, hao wawili ni Hasidi na Mwivu, mfalme ni Rai. Ukisikia jina umeshajua mtu huyu atatenda nini. Wasomaji wa leo wengi wanaona huo ni udhaifu. Mimi naona ni uamuzi. Anamwondolea msomaji kazi ya kubahatisha nani mbaya, ili abaki na kazi ya kutazama ubaya unavyokwenda hatua kwa hatua. Hadithi ilipita mikononi mwa mtu wa Tanga ikatoka na tabia zake, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba ni ya kuazima.

Kezilahabi ni wa huku. Alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, na Namagondo hiyohiyo ndiko kwao Rosa katika Rosa Mistika (1971). Ukiandika chochote chenye ziwa ndani yake, kuna mtu atakutajia jina lake kabla hujamaliza kueleza kisa. Kinachonivutia mwezi huu hakitajwi sana. Mwaka 1976 alimaliza tasnifu yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada ilikuwa Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Wakati huo alikuwa ameshatoa Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, pamoja na Kichomi (1974), diwani iliyoachana na vina na mizani miaka ishirini tu baada ya Amri Abedi kuchapisha sheria za kutunga mashairi. Yaani yule anayesemwa kwamba aliibomoa nyumba ya wazee alikuwa ameikagua chumba kwa chumba.

Wala hakuwa na mwalimu mmoja. Wahakiki wamemsoma kwa miaka mingi wakimlinganisha na wanafalsafa Camus, Sartre na Nietzsche. Sawa. Rosa anajiua, Kazimoto wa Kichwamaji naye anajiua, na maswali yanayowafikisha huko huenda yalipitia Ulaya. Lakini baba anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana hakutoka Ulaya. Huyo namjua, ana jirani zake hapa Kirumba.

Sasa kazi yenyewe. Katika rasimu yangu ya sura ya pili msimulizi alimtambulisha Kabula hivi: "Kabula, mwanamke aliyejaliwa jicho lisilodanganyika na moyo usioafiki dhuluma, alisimama mbele ya mizani kama hakimu mbele ya haki." Sentensi ina mizani yake, inapendeza ukiisoma kwa sauti. Tatizo ni kwamba katika riwaya hii hakuna anayepaswa kujua mapema kwamba Kabula haafiki dhuluma. Hata yeye mwenyewe hajui; atajua sura ya saba, na haitamfurahisha.

Kuifuta ilikuwa rahisi. Nikaikatalia hiyo rahisi, nikaitafutia sentensi mwenyewe. Yuko mwenye boti katika kisa hiki, mzee wa kanisa, mtu wa kufungua na kufunga vikao, anayependa kusikika akisema mambo mazito. Nikampa yeye. Sasa ndiye anayesema mbele ya wavuvi: "Mama Kabula amejaliwa jicho lisilodanganyika." Kabula anamsikia, hajibu, anaendelea kuhesabu magunia. Maneno yaleyale yaliyokuwa sifa yamekuwa mtego, kwa sababu msomaji anaanza kujiuliza huyu mzee anamsifia kwa faida gani.

Hili nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani juu ya meza: SAUTI YA KUAZIMA MPE MHUSIKA. Msimulizi akiongea kama Shaaban Robert mimi nimepotea. Mzee wa kanisa akiongea hivyo, yeye amepatikana.

Machi: Kitereza

Kisiwa kilekile cha Ukerewe, miaka 48 nyuma. Aniceti Kitereza alizaliwa 1896. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, ikakaa miongo bila mchapishaji. Ilikuja kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, akiwa ameigeuza kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Kezilahabi alikuwa ameshachapisha riwaya nne kabla ya hiyo moja ya mzee kuonekana dukani. Kwa hiyo sisi tuliokuja baadaye tumempata babu baada ya mjukuu, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tunaandika kwa haraka kuliko tunavyotaka.

Kitereza hana haraka. Mume na mke wanatafuta mtoto, kisa chenyewe unaweza kukisimulia ukiwa umesimama. Lakini mgeni akifika, utaambiwa alisalimiwaje, alikaa wapi, aliletewa nini kwanza. Pombe ikipikwa, utaiona inapikwa. Nilimsoma sambamba na Kezilahabi ambaye anaweza kumaliza ndoa nzima kwa aya moja kavu. Kubadili kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine usiku huohuo kunachosha, kama ilivyokusudiwa.

Nilichokichukua kwa Kitereza ni ruhusa tu: kwamba kazi ya mikono inaweza kuachwa iende mpaka mwisho wake bila msimulizi kuomba radhi. Mimi ni karani wa stoo hapo Mwaloni. Ukaguzi wa gunia nauona kila siku, na katika rasimu ya kwanza niliumaliza kwa maneno mawili, "alikagua mzigo". Sasa uko hivi:

"Kabula hakuuliza bei. Alifungua mdomo wa gunia akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kwa sababu wa juu hupangwa. Akatoa kiganja cha dagaa wa chini, akakipuliza. Mchanga uliruka kidogo, si wa kugombana. Akachagua dagaa mmoja, akamvunja karibu na sikio. Akachagua wa pili, kutoka upande wa pili. Huyo alijikunja. 'Hili limelala kwenye maji,' alisema. Mwenye gunia akageuka kutazama ziwa."

Kasi ya aya hii ni ya Kitereza. Urefu wa sentensi, hasa ile ya mwisho, ni wa Kezilahabi, ninamwona kabisa. Ila "si wa kugombana" ni ya wanunuzi wa hapa, naisikia asubuhi mpaka jioni, na haikutoka kitabu chochote. Mambo matatu yametoka sehemu tatu. Nimeisoma mara nyingi kutafuta mshono, sasa naiacha.

Dagaa wa mchangani, waliokaushwa chini, na dagaa wa chanja, waliokaushwa juu ya vichanja, wataingia sura ya tano. Wa mchangani wengi huishia kwenye chakula cha kuku, wa chanja ndio wanaoliwa na watu, na mtu akichanganya gunia humo ndimo wizi unapoanzia. Nahitaji hili lieleweke bila kufanya somo.

Aprili

Mvua. Dagaa hawakauki, stoo imejaa malalamiko, sijaandika cha maana.

Nimesoma kwa starehe Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, nikijidanganya kwamba si kazi. Bwana Msa na Najum, mpelelezi na mwenzake, wanajulikana wametokana na Sherlock Holmes na Watson. Hata kiko kipo. Ila Bwana Msa anafumbua mambo kwa kujua nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani, na siri gani imefichwa na ukoo gani. Ni Unguja tupu. Muundo wa London umebeba umbea wa Unguja na haukuvunjika.

Dokezo kwangu: nina upelelezi mkononi na nilikuwa nauficha, kama vile upelelezi ni biashara ya watu wasio makini. Basi uwepo waziwazi. Kabula anayejua, na kijana wa daftari anayeuliza. Kijana huyo alikuwa na mistari michache, sasa ana riwaya.

Juni: Kisesa

Mei nilifanya sura ya nne bila jozi yoyote, nione kitakachotokea. Kilichotokea ni sura laini. Kila mtu ndani yake anakubaliana na mwenzake, hata wanapogombana.

Juni ni mwezi wa Bulabo, ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, barabara ya kwenda Musoma. Nilienda kwa sababu ya dada yangu, mimi mwenyewe nilitaka kubaki na sura yangu laini.

Asiyewahi kufika huko aelewe kwanza mpango wake. Kuna Bagika na kuna Bagalu, pande mbili zinazotokana na wachezaji wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja kikijaribu kuwavuta watazamaji wa kingine. Anayepata umati mkubwa ameshinda. Kwa hiyo hakuna anayecheza peke yake hata dakika moja. Wimbo wako unasikika pamoja na wa mpinzani, na watu wanahama mbele ya macho yako. Kila upande una dawa zake, nyoka wake, vituko vyake. Mmoja akileta chatu, mwenzake lazima alete kitu.

Nilichokaa kukisikiliza ni vijembe. Mwimbaji wa upande mmoja anamchana wa upande wa pili, naye anajibu. Sijui Kisukuma cha kuimbia, ninajua cha sokoni, lakini hata kwa hicho niliona kwamba anayejibu huanza na maneno ya mwenzake. Anayachukua, anayageuza, anayarudisha na wimbo wake mwenyewe. Bibi mmoja niliyekaa naye kwenye mkeka alikuwa ananitafsiria huku akicheka. Nilimuuliza kama waimbaji hawa wanachukiana kweli. Akasema, "Mwanangu, mpaka umtukane mtu kwa wimbo lazima uwe umemsikiliza sana."

Nikamwomba arudie niandike kwenye simu, akakataa, akasema mimi si mtoto mdogo.

Ushairi wa Kiswahili umejengwa hivyo pia. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili inahasimiana, na malenga wa magazetini bado wanapokezana: mmoja anauliza kwa vina fulani, wa pili anajibu kwa vina vilevile. Anabanwa na umbo la mwenzake na bado inabidi asikike yeye. Nilikuwa nasoma kwa jozi, nakaa katikati kama mwamuzi. Hawa hawana mwamuzi, kila mtu yuko uwanjani.

Sura ya nne nimeifumua yote. Mzee wa kanisa anatoa hotuba yake kuhusu uaminifu mbele ya wavuvi. Katika rasimu ya zamani wanamsikiliza na kutawanyika. Sasa kijana mmoja wa taa, yule anayekaa mbele ya mtumbwi usiku kucha na kulipwa wa mwisho, anamjibu. Hatumii neno jipya hata moja. Anachukua maneno ya mzee, "jicho", "mizani", "jasho", anayapanga upya kwa sentensi za mtu aliyechoka:

"Umesema jasho letu liko kwenye mizani. Mizani iko stoo. Stoo ina funguo. Funguo unazo."

Hapo nimemjibu Shaaban Robert kwa kinywa cha mvuvi. Kwa heshima zote, kwa sababu bila hotuba ya mzee yule kijana asingekuwa na la kusema.

Julai: mengine yasiyotoka vitabuni

Kwa ufupi, maana hili kila mtu analijua na linasemwa sana: mtangazaji wa mpira redioni, wahubiri wa jioni, makonda, spika za wauza nguo Makoroboi. Vyote vinaingia. Sina cha kuongeza, isipokuwa kwamba mtangazaji mzuri wa mpira ni fundi wa wakati uliopo kuliko mwandishi yeyote ninayemjua.

Nina chanzo kimoja ambacho ni changu kweli, na nilichelewa kukihesabu kama maandishi: daftari la stoo. Nimekuwa nikilijaza kwa miaka. Lina tarehe, boti, idadi, kilo, maelezo. Sehemu ya maelezo ina nafasi ndogo, kwa hiyo unajifunza kusema neno lililobaki baada ya mengine yote kuondolewa. Mistari kama hii:

"Boti ya kijani. 14. Mawili maji. Kadai."

"Goziba. 30. Mwenyewe hayupo, kamtuma mdogo."

"9. Hakusema."

Huo wa mwisho niliuandika mwenyewe na sikumbuki ni nani hakusema, wala ni nini. Hata hivyo ndani yake kuna mtu amesimama mlangoni, na hiyo ilitosha kunipa mwanzo wa sura ya tano. Kila sura sasa inafunguliwa na mstari wa daftari la kijana, na sura yenyewe inaeleza mstari ule uliacha nini.

Nilijaribu kuandika sura nzima kwa mtindo wa daftari. Msomaji wangu wa pili, rafiki yangu muuguzi, alisema anahisi anasoma risiti. Kwa hiyo ni mstari mmoja tu mwanzoni, basi.

Suala la lugha ya wahusika limepata suluhisho kwa njia hiyohiyo. Msimulizi anaandika Kiswahili cha kitabu, kwa sababu ni kijana aliyesoma na anayependa ijulikane kwamba amesoma. Wengine wanaongea kama tunavyoongea Mwanza, na salamu za Kisukuma zinabaki zilivyo. Anayesalimiwa "mwangaluka" anajua ajibu nini, na asiyejua atamwona anayejibu.

Agosti: wasomaji

Nimempelekea Mwalimu sura ya nne na ya tano. Amekaa nazo muda mrefu kuliko kawaida yake. Pembeni hakuna jina la mtu. Kuna sahihisho la nukta, kuna "nani kasema?", na chini ya sura ya tano ameandika: "Hapa sijui nimlaumu nani."

Nimefurahi, sitaki kuficha. Ila hatukubaliani. Yeye anaona msimulizi amekuwa mkavu mno, anataka walau sehemu moja amwonee mtu huruma waziwazi. "Shaaban asingemwacha yule kijana wa taa alale njaa ukurasa mzima," alisema. Nikamwambia Kezilahabi angemwacha. Akasema, "Na wewe?" Sikumjibu palepale. Tangu siku hiyo ninaandika huku nikimjibu, na nimetambua kwamba Mwalimu naye ni mmoja wa jozi, pengine tangu nilipokuwa darasani kwake.

Msomaji wa pili wa mwezi huu hasomi riwaya. Ni mama mnunuzi, mteja wa stoo, ananiita "karani" na sidhani kama analijua jina langu. Mzigo wake ulikuwa umechelewa, tumekaa kwenye magunia, nikamsomea ile aya ya ukaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa.

"Dagaa umeweza. Lakini huyo mwanamke wako mbona hapigi simu?"

"Simu ya nini, mama?"

"Wewe! Kabla sijatia mkono kwenye gunia la mtu nishapiga Congo. Nishajua leo bei gani. Usipojua bei ya huko, huku unavunja dagaa wa nini?"

Aliendelea, na ilikuwa kama shule. Kwamba anayeuza hukutazama simu yako kuliko uso wako. Kwamba ukipokea simu katikati ya kupatana, muuzaji hujua bei imebadilika, kwa hiyo wapo wanaojipigia simu za uongo wakaongea na hewa. Nilikuwa na kalamu, sikuitoa, niliogopa ataacha kuongea.

Kwa hiyo sura ya tatu, ile yenye alama ya kuuliza, imepata injini. Kabula anaongea na hewa. Anasimama kando ya gunia, simu sikioni, anamjibu mtu ambaye hayupo, anakubali bei ambayo haipo, na kijana wa daftari anaiandika. Hapo ndipo upungufu unapoanzia, katika mazungumzo na mtu asiyekuwepo. Sikuwahi kusoma tukio la namna hiyo popote. Lakini najua nani amenisaidia kuliona: yule mama amenipa simu, Bwana Msa amenipa anayeuliza, na ukavu wa kutolieleza ni wa mtu wa Namagondo.

Kabula katika tukio hilo ana sentensi ndefu, ndefu kuliko za mtu mwingine yeyote kitabuni. Zilikuja hivyo. Anapodanganya anakuwa na ufasaha, anapopima gunia anakuwa na maneno matatu. Nimerudi nyuma na kulinganisha sura zote ili jambo hili lishike tangu ukurasa wa kwanza.

Septemba: hali ilivyo

Sura tano zimetulia. Ya saba ina mifupa. Ya sita na ya nane bado.

Sura ya pili nimepunguza karibu theluthi. Zilizotoka nyingi ni sentensi nzuri, na ninazihifadhi kwenye faili lake. Mzee wa kanisa atazihitaji kwenye mazishi ya sura ya nane.

Jozi za vitabu nasitisha mpaka rasimu iishe. Si kwa kuogopa kuathiriwa. Nina watu wa kutosha wanaoongea kwa sasa, na wa kujibu ni wengi.

Huruma anayoidai Mwalimu nimemwekea, ila si pale alipotaka. Kijana wa taa analala njaa kama kawaida. Kesho yake Kabula anampimia dagaa kwa sado, kopo la kupimia, anarundika mpaka wanamwagika pembeni, na yule kijana wa daftari anaandika "sado 1". Msimulizi hasemi lolote. Mwalimu atasema haitoshi. Naingoja barua yake.

Sura ya sita ndiyo kikao: mwenye boti, Kabula, wavuvi, mwenye stoo, wote ndani ya chumba kimoja, mizani katikati. Nimechora mpango wa nani anaongea baada ya nani, na sheria ni moja: kila anayeongea lazima aanze na neno la mwisho la aliyemtangulia. Shida ni nani afungue, kwa sababu huyo hana wa kumjibu. Mzee wa kanisa angefungua kwa sala, ingekuwa rahisi na ingekuwa ya kweli. Nimempa mvuvi, kwa sababu ndiye anayedaiwa.